Ukikutana na "take", usikimbilie "chukua"

Mama yule alirudi kliniki Ijumaa kama alivyoambiwa. Alikuja na kikapu; ndani yake mlikuwa na chupa ya chai, bakuli la wali na maharage lililofungwa kwa leso, na kando ya bakuli ile bahasha ndogo ya vidonge, haijafunguliwa. Mgongo ulikuwa bado unamuuma. Alikaa upandeupande kwenye benchi, mkono mmoja kiunoni. Muuguzi akaniangalia, nami nikamwangalia mama.

"Mwanangu, si uliniambia nivichukue na chakula, nirudi Ijumaa? Nimekuja navyo."

Ndivyo nilivyosema. Jumatatu muuguzi alisema kwa Kiingereza, "Take these with food and come back on Friday." Mimi nilikuwa pale kumsaidia mama kutafsiri, nikatoa harakaharaka: "Chukua hivi na chakula, urudi Ijumaa." Hapa Uganda mtu akienda kulazwa hubeba chakula chake, shuka, hata beseni. Mama ametoka Kongo, hajui Kiingereza wala Kiganda, naye alinielewa vizuri kabisa: Ijumaa analazwa, dawa atapewa hukohuko, aje na chakula. Muuguzi alitaka avimeze akishakula, kwa sababu dawa za maumivu za aina ile huchoma tumbo tupu. Siku nne mama aliumwa huku dawa ipo nyumbani, na kosa lilikuwa langu.

Mimi ni mtoto wa askari. Kiswahili nilikipata kambini, Kiganda mtaani, Kiingereza darasani, ambako ubaoni paliandikwa "take", alama ya sawasawa, kisha "chukua". Nilinakili, nikakariri, nikafaulu. Sasa jioni nafundisha Kiingereza huku Katwe, mtaa wa Kampala, wanafunzi wangu wengi ni Wakongo na wachuuzi wanaopita mipaka ya Busia na Mutukula, na ile alama ya sawasawa nimeifuta kabisa.

Ninachowaambia kwanza ni kwamba hawana upungufu wa maneno. Kiswahili kinautazama sana mkono unaochukua. Maji tunachota, embe tunachuma, sarafu iliyoanguka tunaokota, zawadi tunapokea, kisu tunachomoa alani, na cha mwenzako ukikichukua kwa nguvu umekinyang'anya. Mwingereza anaweza kusema "take" katika hayo yote. Njoo kwenye "take off" ndipo utashangaa zaidi: viatu tunavua, nguo za kambani tunaanua, chungu cha motoni tunaipua, mzigo wa kichwani tunatua, karatasi ya ukutani tunabandua, na ndege pale Entebbe inapaa. Vitenzi sita, na kila kimoja kinabeba picha yake. Mwanafunzi anayejua kuanua na kuipua hana sababu ya kuiogopa "take". Kazi yake ni kuuliza tu, hapa kinachotendeka hasa ni nini?

Jambo la pili ni mwelekeo, na hili ndilo linaloangusha watu wengi. Kiswahili huuweka mwelekeo ndani ya kitenzi chenyewe: peleka, leta, ondoa. Kiingereza mara nyingi huuacha nje, kwenye vijineno vidogo vinavyofuata. "Take the child to school" ni mpeleke mtoto shuleni. "Take the child from school" ni mchukue mtoto shuleni. Safari mbili zinazopishana, na tofauti yote imo kwenye "to" na "from", ambazo mwanafunzi huziruka kwa sababu ni fupi. Kijana mmoja wa boda boda alitumiwa na mteja ujumbe wa Kiingereza ampeleke mtoto shule saa moja asubuhi. Aliniletea simu akiuliza, "Ticha, saa moja asubuhi nitamchukuaje mtoto shuleni, amelala huko?" Nilifurahi kwamba aliuliza. Bila kuuliza angeenda moja kwa moja mpaka getini pa shule, mtoto angebaki nyumbani na begi lake mgongoni.

Watu wakilalamika kwamba Kiingereza hakina utaratibu, nawakumbusha "piga". Tunapiga simu, pasi, deki, mswaki, hodi, magoti, chafya, miayo, soga, kura, na hakuna anayeumia. Kiganda nacho hukuba, ndiyo "piga" yao, hivyohivyo: simu hukuba, picha hukuba, kura hukuba. Mzungu anayejifunza lugha zetu hupata jasho lilelile. Na "piga picha" kwa Kiingereza inarudi palepale, "take a photo". Hakuna anayepiga wala anayechukua, lakini kila lugha imeshazoea neno lake.

Kitu kingine ninachopenda kuwasimulia ni kwamba "take" yenyewe ilifika Uingereza kama mgeni. Ililetwa na watu wa Skandinavia, wale Waviking, karne nyingi zilizopita. Waingereza wa kale walikuwa na kitenzi chao, "niman", ndugu wa "nehmen" ya Kijerumani. Mgeni akamsukuma mwenyeji mpaka akapotea, akaacha alama katika neno "numb", yaani ganzi: kiungo ambacho hisia zake zimechukuliwa.

Sasa visawe. Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu nimeona watu wakijiharibia. Fundi cherehani mmoja, mwanafunzi wangu mwenye bidii, aliandika barua kwa shule iliyotaka sare. Aliandika vizuri, "We shall take the children's measurements on Saturday", kisha akaona "take" ni neno la watoto. Akafungua simu, akapata orodha ya visawe, akachagua la kwanza: "seize". Mwalimu mkuu alimpigia kuuliza ni nini hicho anachotaka kuja kukikamata. Orodha zile hazidanganyi, ila hazikuambii kwamba kila kisawe kimeshika kona moja tu ya "take". "Seize" ni kukamata kwa nguvu. "Remove" ni kuondoa. "Accept" ni kukubali, kama kukubali ushauri. "Require" ni kuhitaji, kama kazi inayohitaji subira. "Swallow" ni ya vidonge. Hata moja halikufaa vipimo vya nguo, na kwa vipimo "take" ndilo neno la heshima kabisa, kama sisi tunavyosema kuchukua vipimo. Kabla ya kubadilisha neno, rudisha kisawe kwenye sentensi yako pamoja na jina linalofuata, usome kwa sauti. Kama hujawahi kusikia mtu akiyaweka maneno hayo pamoja, acha la kwanza lilivyokuwa.

Daftari langu siku hizi halina orodha ya maneno. Lina kurasa za mahali: sokoni, kwenye teksi, ofisini, kliniki. Nikisikia sentensi naiandika nzima, halafu chini yake naandika ambavyo Mswahili angesema akiwa mahali palepale, kama Kiingereza kisingekuwepo. Ukurasa wa kliniki ulinifunza zaidi ya miaka yote ya darasani. "Take a seat", keti. "Take off your shirt", vua shati. "Take a deep breath", vuta pumzi. "Let me take your temperature", nikupime joto. "We will take some blood", tutakutoa damu kidogo. "Take this to the laboratory", peleka hii maabara. Nimeijaza karatasi mbele na nyuma, na "chukua" imo mara moja tu: majibu yanachukua dakika 20.

Yule mama bado naenda naye kliniki. Muuguzi akisema "take", namsimamisha kidogo, namuuliza: ameze, anywe, apake, adondoshe, au avute? Nikipata jibu ndipo namgeukia mama: "Mama, vidonge hivi utameza viwili asubuhi, ukishakula." Kisha namwomba anirudishie kwa maneno yake. Mara ya mwisho alinitazama, akaishika bahasha kwa mikono miwili, akasema, "Nikishakula uji, nameza viwili. Ijumaa nakuja mikono mitupu."