Kabla hujasambaza linki ya mwaliko, soma anwani yote

Mwaka jana nilisambaza linki yangu ya mwaliko, ya kuwaita watu kwenye jukwaa la kununua na kuuza sarafu za kidijitali, kwa siku 11 kwenye magrupu ya WhatsApp, kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole. Watu waliingia, wakanunua tokeni (ndizo hizo sarafu, si za umeme), na kamisheni ikaenda kwenye pochi ya kidijitali ya mtu nisiyemjua. Bado inaniuma, na naona vijana wengi wa hapa Mbeya wanaingia kwenye kazi hii kwa haraka ileile niliyoingia nayo mimi.

Linki yenyewe ukitaka kuielewa, fikiria viazi vya Uyole. Gunia linaandikwa alama kwa makapeni, herufi mbili tatu, na huko sokoni linakokwenda alama ile ndiyo inasema mzigo ni wa nani. Linki ya mwaliko nayo ina alama yake: baada ya anwani ya tovuti kuna alama ya kuuliza, kisha msimbo wako au anwani ya pochi yako. Mtu akiingia kwa linki hiyo akanunua tokeni mpya, programu inaisoma alama na kukukatia fungu kwenye makato yanayotozwa kila anaponunua au kuuza. Sasa mtu akikopi linki akaishia kwenye alama ya kuuliza, gunia limefika sokoni halina jina.

Mimi linki yangu ilikuwa nzima, ila jina lililoandikwa juu yake halikuwa langu.

Nina pochi mbili za Solana, mtandao mmojawapo wa sarafu za kidijitali, moja ya kufanyia biashara na nyingine ya kupokelea tu. Siku ya kutengeneza linki nilifungua historia ya miamala kwenye ile ya biashara, nikakopi anwani ya pochi ya kupokelea kutoka mstari wa juu kabisa. Herufi nne za mwanzo nilizijua, nne za mwisho nilizijua, katikati simu inaonyesha nukta. Kumbe mstari ule uliwekwa na mwizi. Wanatengeneza kwa kompyuta anwani inayofanana na yako kichwa na mkia, halafu wanakurushia kiasi kidogo sana ili anwani yao ikae kwenye historia yako, wakisubiri siku utakayokopi bila kuangalia. Anwani ya Solana ina herufi na tarakimu 32 hadi 44. Mimi nilisoma nane.

Niligundua pale kaka mmoja wa duka la vifaa vya simu pale Kabwe aliponiambia ameshanunua mara tatu kupitia linki yangu. Nikafungua pochi, haijaingia hata senti. Watu wa jukwaa walinijibu kwa heshima kwamba muamala ukishathibitishwa haurudi, na nikaelewa.

Kwa hiyo anwani ya pochi ikopi kwenye kitufe cha kupokea ndani ya pochi yenyewe, kamwe usiikopi kwenye historia. Ukishaipesti kwenye linki, isome yote, herufi kwa herufi, na uangalie kubwa na ndogo, maana kwa Solana hizo ni tofauti. Kisha kabla hujampa mtu yeyote, ifungue kwenye simu nyingine yenye pochi nyingine, nunua kiasi kidogo kabisa, uone kama fungu lako limehesabiwa. Mimi natumia simu ya mdogo wangu. Na tovuti yoyote inayokudai maneno yako 12 au 24 ya siri, yale yanayofungua pochi yako, ili "iwashe" linki, funga hapohapo. Linki inahitaji anwani tu.

Kama ni wewe unayeanzisha tokeni na kugawia wenzako makato, angalia namba unazojaza. Mara nyingi mgawanyo huandikwa kwa mafungu 10,000, yaani 1,000 ni asilimia 10 na 500 ni asilimia 5. Rafiki yangu wa Iringa alijaza 10 akidhani amempa mwenzake asilimia 10, kumbe ni asilimia 0.1, na walikaribia kukosana. Piga hesabu mapema: makato yakiwa asilimia 1 na fungu lako asilimia 10 ya makato hayo, biashara ya SOL 100 (SOL ni sarafu ya Solana) inakupa SOL 0.1.

Upande wa serikali, Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Vijue hivyo kabla hujaanza kuita watu.

Na unapowaita, waambie. Dada mmoja anayeuza mchele wa Kyela sokoni aliniuliza, "Kaka, wewe unapata nini nikiingia hapo?" Nilisita, kisha nikamwambia: napata fungu kila unaponunua na kila unapouza, hata kama wewe umepata hasara, na tokeni nyingi mpya huanguka. Akanishukuru, akasema hela yake ni ya gunia la kesho. Hakuingia. Tangu siku hiyo kila linki ninayotuma naanza na maneno yaleyale niliyomwambia yeye, ndipo naweka linki chini yake.