NAS yangu stima ikikatika inapotea

SWALI: Fundi shikamoo. Nina studio ndogo ya picha na video hapa Arua, harusi na mahafali ndo kazi yetu. Nimenunua NAS (kasha la diski la kuwekea faili kwenye mtandao) ya Synology iliyotumika, ya diski mbili za TB 4 kila moja, tukaichomeka kwa ruta ikafunguka fresh kwenye brauza kwa 192.168.1.105. Sasa stima ikikatika, ikirudi ile adresi haifunguki, vijana wanasema folda haipo, juzi ikafunguka printa badala yake! Halafu nilitegemea TB 8 naona 3.6 tu, nimepigwa? Na nataka nikiwa Kampala nizione faili zangu.

JIBU: Marahaba kaka. NAS haijapotea, imehama nyumba tu. Ile 105 hukuipa wewe, iliipa ruta, ndo kazi ya DHCP, kugawa namba kwa kila kifaa kinachobisha hodi. Sasa stima ikirudi vitu vyote vinawaka pamoja, ruta yenyewe imeshasahau nani alikuwa na ipi inaanza kugawa upya, printa inaamka haraka inabeba 105, NAS inakuja dakika kadhaa baadaye inakuta siti imekaliwa, kama taksi umeshuka kununua gonja.

Kwanza itafute ilipo, kwenye kompyuta ya hapo hapo studio andika find.synology.com kwenye brauza. Ukiipata, dawa iko kwa ruta. Ingia kwenye ruta (adresi na paswadi huwa kwenye stika chini yake), nenda sehemu ya DHCP, tafuta pa kutengea kifaa adresi, weka MAC ya NAS, yaani utambulisho wa kifaa, jumla herufi na namba 12, iko kwenye setingi za mtandao za NAS, uipe namba mfano 192.168.1.20, uhifadhi, halafu zima uwashe NAS. Kuna mafundi wanapenda kuiandika ndani ya NAS yenyewe, inafanya kazi pia ila hiyo namba lazima iwe nje ya zile ruta inazogawa, na usisahau kujaza getiwei, yaani adresi ya ruta, wengi wanaacha wazi folda zinafunguka vizuri tu kumbe mashine haitoki kwenda intaneti, mwezi mzima wanashangaa mbona haisasishiki. Ukimaliza, waambie vijana waunganishe folda upya kwa namba mpya.

TB hujapigwa. Diski zako zinaandika kitu kile kile zote mbili, moja ikifa nyingine inaendelea, so unabaki na TB 4, na aliyetengeneza diski anahesabu kwa 1000 wakati mashine inahesabu kwa 1024, ndo ikawa 3.6. Ila hiyo siyo bakapu kaka! Kijana akifuta harusi ya mtu inafutika kwenye diski zote mbili sekunde hiyo hiyo. Tafuta diski ya nje, uichomeke kwa USB kila wiki, ukimaliza uichomoe uende nayo nyumbani.

Ya Kampala, tumia QuickConnect (huduma ya Synology yenyewe ya kuifikia NAS ukiwa mbali) ama VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wako toka mbali), na usikubali mtu akufungulie poti kwenye ruta, yaani mlango wa kuingilia moja kwa moja toka intaneti. Januari 2022 virusi vya DeadBolt vilizipitia NAS za QNAP zilizokuwa wazi kwa intaneti, faili zikafungwa na wenyewe wakadaiwa bitcoin 0.03. Yako ni Synology lakini mwizi hachagui nembo. Zima akaunti inayoitwa admin, tengeneza yako kwa jina lingine, washa na uthibitisho wa hatua mbili.

UPS (betri ya akiba stima ikikatika) nunua, hata ndogo, uiunge na NAS kwa waya wa USB ili ijizime yenyewe taratibu kabla betri haijaisha. Kukatika ghafla kunaweza kuharibu faili, hata diski.

Na kwa vile umeinunua mkononi, angalia orodha ya watumiaji leo leo, ukikuta jina usilolijua futa. Ukikwama na paswadi, bonyeza kitufe cha reset nyuma kwa sekunde kama 4 mpaka ilie mara moja, uachie. Faili haziguswi. Usibonyeze mara ya pili, huko ndo unaingia kwenye kusakinisha mfumo upya.