Maswali yale yale kila kliniki yana kazi

Pole sana, dada. Unauliza kama kuna faida mdogo wako, aliyeanza kusikia sauti mwaka huu, kutolewa Tukuyu hadi kliniki Mbeya mjini na kuulizwa maswali yale yale kila mara.

Ipo, na kubwa. Dalili za saikosisi, yaani hali ya kusikia, kuona au kuamini mambo yasiyokuwepo, hupanda na kushuka. Akilala vizuri siku mbili, nyumba nzima mnaona amepona. Maswali yale yale ndiyo yanayopima mabadiliko hayo. Kipimo cha PANSS, kwa mfano, kinachopima ukali wa dalili hizi, kina vipengele 30, kila kimoja hupewa alama 1 hadi 7, kubwa ikiwa dalili kali zaidi. Alama zisiposhuka baada ya wiki kadhaa za dawa, daktari ana sababu ya kuangalia upya dozi au dawa yenyewe, mapema. Ila alama zikilala kwenye faili hazimsaidii mtu. Ombeni mwonyeshwe za leo na za mwezi uliopita, mdogo wako naye akiwepo.

Nyumbani wekeni daftari: usingizi, sauti zilivyomsumbua, dawa alizomeza, hata madhara ya dawa. Aandike mwenyewe akiweza. Tafadhali msimgeuze mshtakiwa, ninyi mashahidi.

Akianza kuzungumzia kujiua, msisubiri tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo.