Nilipong'oa liki zangu nikidhani ni nyasi

Msimu wa kwanza nilipojaribu liki, mboga ya jamii ya vitunguu, niliamka mapema nikapalilia kitalu kwa bidii zote, nikang'oa kila kijani chembamba kilichofanana na nyasi. Kitalu kikabaki safi kabisa. Liki zote zilikuwa kwenye lundo la magugu.

Tangu siku hiyo nasia mbegu kwa mstari ulionyooka, kina cha sentimita 1, na kinachoota nje ya mstari nakihesabu gugu. Mche wa liki, sawa na wa vitunguu vya majani, huchomoza ukiwa umejikunja kama kitanzi cha uzi, kisha hunyooka ukiwa bado umebeba ganda jeusi la mbegu nchani. Ukiwa na shaka, finya jani unuse. Harufu ya kitunguu haijifichi.

Zikipita wiki 2 au 3 hujaona kitu, usikimbilie kulaumu udongo. Mbegu za jamii ya vitunguu huchakaa upesi. Pakiti iliyolala kabatini miaka 3 mimi siigusi, hata kama haijafunguliwa.

Vitunguu vya majani havina makuu. Sia palepale vitakapokulia, na baada ya wiki 8 hadi 10 unaanza kula. Mimi sing'oi vyote. Vingine navikata sentimita 3 juu ya udongo, navyo vinachipua tena.

Liki ndiyo yenye mambo. Iache kitaluni miezi 2 au zaidi, hadi mche ufikie unene wa penseli. Hapo nachukua mpini wa jembe lililovunjika, natoboa mashimo ya kina cha sentimita 15, yakiachana vivyo hivyo. Nadumbukiza mche mmoja kila shimo, namwaga maji, basi. Sifukii. (Kila anayeniona hudhani nimesahau.) Maji huteremsha udongo wa kutosha kuzika mizizi, na shimo hujaa lenyewe taratibu kadiri unavyopalilia. Na palizi ni nyingi, maana majani yale hayatupi kivuli cha kuzuia magugu. Sehemu iliyokaa gizani ndiyo inayokuwa nyeupe na laini.

Zamani nilikuwa nafukia kwa mkono papo hapo. Udongo ukaingia katikati ya majani, nasi tukatafuna mchanga mezani. Hata sasa, kabla ya kuosha liki, naipasua kwanza kwa urefu, nafungua majani moja moja chini ya maji.