Mlango wa jikoni kwanza, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Nimeisikiliza sauti uliyonitumia mara mbili. Unasema mmehamia Goba, uzio bado, jirani amevunjiwa wiki iliyopita, na mna laki sita mkononi. Unauliza mnunue kamera au muanze geti. Kwa maoni yangu, vyote viwili visubiri.

Unakumbuka ulipokuwa darasa la sita, tuliporudi kutoka msibani Korogwe? Mlango wetu wa mbele ulikuwa wa mninga, una vitasa viwili na kufuli. Wezi hawakuugusa. Waliingia kwa mlango wa jikoni, ule wa ubao mwepesi wenye komeo dogo la skrubu nne, wakabeba redio, godoro na cherehani yangu. Cherehani ndiyo iliyokuwa ada yako, na niliilia kama mtu.

Kwa hiyo leo jioni toka nje, uzunguke nyumba kama mtu anayetafuta pa kuingilia. Nyanyua kila dirisha la alumini kwa mikono miwili. Likichomoka kwenye reli yake, hilo halifungi kitu. Tazama nondo: zimechimbiwa ukutani, au fremu yake imeshikwa kwa skrubu ambazo mtu wa nje anazifungua taratibu? Kisha tazama mlango wa nyuma. Siku hizi wanaupiga kwa jiwe kubwa, lile wanaloliita fatuma, na kitasa peke yake hakihimili. Weka makomeo mawili mazito kwa ndani, moja juu na moja chini, na fremu ishikwe na ukuta wenyewe. Hapo ndipo zianzie laki sita zako. Na vitasa vyote badilisha, maana mafundi waliojenga walikuwa na funguo miezi yote ile.

Zikibaki, nunua taa ya sola inayowaka mtu akipita, uifunge upande wa jikoni. Kamera itakuonyesha mgongo wa mtu ameshaondoka na televisheni.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo linaloninyima usingizi. Nyumba yenye nondo kila dirisha na kufuli kwenye grili ya mlango, ikishika moto usiku, inawafungia ninyi ndani. Mwambie fundi dirisha moja la chumba cha mjukuu wangu liwe na nondo za kufunguka kwa ndani. Funguo zitundikwe mahali pamoja kila siku, mkono uzipate gizani, lakini mbali na dirisha, kwa sababu vibaka wanapitisha kijiti chenye ndoano kwenye wavu wa mbu na kuvuta simu, suruali, hata funguo. Siku moja zimeni taa, mjaribu kutoka na mtoto.

Umeshaenda kwa mjumbe? Najua hujaenda. Nenda Jumapili na mumeo, mjitambulishe, muulize ulinzi shirikishi wa mtaa unachangiwaje, mchukue namba za majirani watatu. Cherehani ile nadhani unakumbuka ilivyorudi. Nilikuwa nimeandika namba yake kwenye daftari la mahesabu, nikaipeleka polisi, na mjumbe wetu akaiona kwa fundi mmoja ng'ambo ya reli, namba ileile. Basi nanyi andikeni namba za televisheni na friji. Za simu bonyeza *#06#, uzinakili kwenye karatasi, maana ukiziweka ndani ya simu zitaibwa nayo.

Wakiingia mkiwa ndani, usitoke kupambana. Jifungieni chumbani na mtoto, piga 112, piga kwa majirani, pulizeni filimbi. Na akikamatwa kijana wa watu, mwanangu, simama umkinge asichomwe moto. Kuvunja nyumba ya mtu usiku ni kifungo cha hadi miaka 20 kwa Kanuni ya Adhabu, hiyo inamtosha. Sitaki mjukuu wangu akue ameona vile nilivyoviona mimi mara moja pale stendi.

Jumamosi nakuja na basi la alfajiri. Fundi wa grili usimlipe yote kabla sijaishika kwa mkono wangu, na niachie komeo la mlango wa jikoni, nitalinunua huku Tanga.

Mama yako