Sweta likivuliwa: nguo, sahani na mwili wako msimu wa joto Nyanda za Juu Kusini

Kuanzia Juni hadi Agosti, Mbeya, Iringa na Njombe hakuna anayejua mwenzake ana mwili gani. Kila mtu ni koti, sweta na mtandio. Septemba jua linaanza kuchoma, Oktoba vumbi linatimka, na nguo zilizokaa sandukuni tangu mwanzo wa baridi zinatolewa. Zipu haipandi. Na kwa kuwa sendofu, kicheni pati na harusi zinafuatana, watu wanaanza kusaka dawa ya kupunguza mwili wiki mbili kabla ya sherehe.

Wiki mbili za kujinyima hazipunguzi mafuta kiasi unachodhani. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya wanga huo hukaa pamoja na gramu kama tatu za maji. Ukiacha kula, akiba hiyo inatumika na maji yake yanatoka. Mzani unashuka, unafurahi. Ukila ugali siku mbili, maji yanarudi na mzani unapanda tena. Hata bila kujinyima, uzito wa mtu mzima hupanda na kushuka kilo moja au mbili kutegemea maji, chumvi, haja kubwa, na kwa wanawake, siku za mwezi. Kwa hiyo anayepimwa sare akiwa na njaa ya wiki mbili anashonewa nguo ya mtu ambaye hatakuwepo siku ya harusi.

Ndiyo maana tunaanza na fundi kabla ya jiko.

Nenda kupimwa mchana baada ya kula, si asubuhi tumbo likiwa tupu. Vua sweta. Linaonekana jambo dogo, lakini nguo nyingi za Julai hupwaya kifuani na mabegani kwa sababu fundi alipima sweta. Simama miguu ikiwa pamoja, pumua kawaida, usivute tumbo ndani. Futi ya fundi ipite penye nyonga pana zaidi, ambapo kwa wengi ni inchi 7 hadi 9 chini ya kiuno, na kidole kimoja kiweze kuingia chini yake. Kisha omba upimwe kiuno na nyonga ukiwa umekaa kwenye kiti. Mafundi wengi hawapimi hivyo usipowaambia, na ukikaa vipimo huongezeka inchi moja au mbili. Harusini utakaa muda mrefu kuliko utakavyosimama.

Kitenge hakivutiki, kwa hiyo nguo inahitaji nafasi: inchi 2 zaidi ya kipimo cha kifua, inchi 1 kiunoni, inchi 2 nyonga. Kiloweke na ukikaushe kabla hakijakatwa, kwa sababu pamba hurudi ikifuliwa mara ya kwanza. Halafu sema wazi unataka akiba ya mshono, yaani kitambaa cha ziada kinachobaki ndani, inchi 1 kila upande. Hesabu yake ni hii: nguo ina mishono miwili ya ubavuni, kila mshono una vipande viwili vya kitambaa, ukiachia nusu inchi tu ya akiba hiyo kwa kila kipande, umepata inchi 2 nzima za kupumulia. Hizo ndizo zinazookoa sare mwezi Desemba. Adui wa akiba hiyo ni ovaloki, mashine ya kufunga nyuzi za ukingo wa kitambaa. Mashine ile ina kisu, na fundi mwenye haraka hupitisha ukingo na kukata akiba yote bila kufikiri. Mwambie apige ovaloki ukingoni kabisa kabla ya kuunga mshono. Bitana nayo iachiwe akiba ileile, la sivyo utaachia kitenge na bitana itachanika ndani.

Siku ya kujaribu usisimame tu mbele ya kioo. Kaa. Nyanyua mikono kama unayepiga vigelegele. Piga goti kama unayemsalimia bibi, kwa sababu ndivyo utakavyofanya meza kuu na kwenye foleni ya zawadi. Nguo inayokataa goti irudi mezani kwa fundi siku hiyohiyo, bila kubishana.

Kwa wanaonunua mtumba kwenye masoko ya Mbeya kama Sido au Mwanjelwa: namba iliyo kwenye lebo isikuumize kichwa. Gauni lenye 12 la Uingereza ni sawa na 8 la Marekani na 40 la Ulaya, na hapo bado kila kiwanda kina vipimo vyake, na bado limefuliwa mara nyingi kabla halijafika kwenye belo. Nenda na futi mfukoni, pima gauni lako linalokukaa vizuri nyumbani, uandike inchi. Hizo ndizo namba zako.

Sasa sahani. Joto hupunguza hamu ya kula mchana, na wengi huona hiyo ni bahati. Asubuhi chai ya rangi na andazi, mchana soda ya baridi, na saa mbili usiku njaa inafika na deni lake lote: ugali mkubwa, maharage, kisha kitandani. Usiku kiungulia, asubuhi tumbo zito, kwa hiyo unaruka kifungua kinywa na mzunguko unaanza upya. Anayekula hivi hujilaumu kuwa hana nidhamu ya jioni. Kosa lilifanyika saa moja asubuhi.

Kifungua kinywa kiwe na kitu kinachokaa tumboni: yai moja au mawili na kiazi kitamu cha kuchemsha, au magimbi kwa watu wa Rungwe, au uji wa ulezi uliochanganywa vijiko viwili vya karanga za kusaga. Mchana, hata kama hamu haipo, kula kidogo cha baridi. Kachumbari ya kushibisha kwa watu wawili ni nyanya 3, kitunguu 1 kilichooshwa kwa chumvi na kusuuzwa, tango 1, parachichi 1 na maji ya nusu ndimu, pamoja na ndizi za kuchemsha au kikombe cha maharage ya jana yaliyohifadhiwa vizuri. Parachichi lina mafuta, ni kweli, lakini mengi ni ya aina isiyodhuru moyo, na hayo mafuta ndiyo yanayofanya saa kumi usitafute chipsi. Nusu tunda kwa mlo inatosha. Njombe na Rungwe wanalipeleka hadi ng'ambo kwa makontena. Ni ajabu kuliogopa hapa linakovunwa.

Kiasi cha ugali hatutakuambia kwa ngumi wala kwa kiganja. Anayelima Mbarali tangu alfajiri na anayekaa dukani Mafinga hawali tonge sawa, na mtu asikudanganye na picha za sahani za watu wa mjini wanaokwenda kazini kwa gari. Kinachosaidia wote wawili ni mpangilio: anza na mboga na maharage, ugali ufuate, na usubiri dakika kumi kabla ya kuongeza. Tumbo huchelewa kutoa taarifa.

Wengi wanaolalamika kuwa "tumbo limetoka" wana gesi, si mafuta. Mafuta hayaji saa saba mchana yakaondoka asubuhi. Na gesi ya huku juu ina sababu yake. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100. Sufuria inatokota kwa kelele lakini joto la ndani ni dogo, hivyo maharage yanayoiva kwa saa moja na nusu Dar es Salaam huku yanataka muda zaidi, na mpishi mwenye haraka anayaepua yakiwa na moyo mgumu katikati. Maharage ya namna hiyo ndiyo yanayokuja kukaba zipu.

Yaloweke kuanzia saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi, maji yawe mara tatu ya maharage. Maji ya kulowekea yamwage yote, sehemu ya kinacholeta gesi imo humo. Weka maji mapya, chemsha kwa moto mkali dakika 10 za mwanzo; usiyaanze kwa moto wa pole, maana maharage mabichi yana sumu ambayo moto mdogo hauiondoi, nayo huleta kutapika. Kisha punguza moto, funika, na uonje punje tano, si moja. Nyanya na ndimu ziingie maharage yakishalainika, kwa kuwa uchachu huchelewesha kuiva. Maharage ya msimu uliopita ni magumu zaidi, na yale yaliyokaa sana ghalani hata moto wa kutwa hayasikii.

Jioni ya kuamkia sherehe, acha kabichi, soda na bigijii. Kula wali na samaki au kuku, mboga laini kama mchicha, na utembee robo saa. Asubuhi gesi inaweza kuwa imepungua, na hukujinyima chakula.

Hapo hapo tuseme la chai za kupunguza tumbo zinazouzwa stendi. Nyingi zina sanamaki, dawa ya kuharisha. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Unachopoteza ni maji na chumvi za mwili, na ukiongeza jua la Oktoba na kiatu kirefu, ndiyo mtu anaanguka kanisani. Mikanda ya kubana tumbo nayo hubana tu. Ukiivua tumbo liko palepale, na umeshinda siku nzima na kiungulia.

Soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai kama tisa. Ukitaka kitu cha baridi chenye ladha, togwa ya siku moja bila sukari ya kuongeza inashinda, na maji yenye kipande cha ndimu hayana gharama. Huku juu hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, kwa hiyo usisubiri kiu. Angalia mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, hujanywa vya kutosha.

Kosa jingine la msimu ni chungu. Julai watu huacha wali au maharage ya mchana yalale mezani hadi asubuhi, wakiamini baridi yenyewe ni friji. Tabia hiyo ikivuka hadi Oktoba, tumbo linaharibika. Wali ndio mbaya zaidi, kwa sababu kuna vijidudu vinavyoacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Saa mbili tangu kuepuliwa, wali uwe umeliwa au umewekwa kwenye friji. Kama hakuna friji, pika unaotosha.

Mapaja yanayosuguana na kuchubuka hayana uhusiano na unene peke yake. Wembamba pia huchubuka wakitembea kwa jasho. Paka mafuta ya mgando kabla ya kutoka, au vaa taiti fupi ndani ya gauni. Poda hugeuka tope ukitokwa jasho. Michirizi mikononi na mapajani haina tiba ya duka la vipodozi. Na mkorogo usiguse kabisa: zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na ngozi iliyochunwa hivyo huungua vibaya zaidi kwa jua la milimani.

Halafu kuna ndugu. Mikono ikionekana kwa mara ya kwanza tangu Mei, shangazi atasema "umenenepa!" mbele ya ukumbi mzima. Kwa wazee wengi hiyo ni sifa, maana yake umetunzwa. Yuleyule mwakani atakuuliza, "umepungua, unaumwa?" Usianze kueleza kilo zako wala lishe yako, maelezo hufungua kikao. "Shikamoo shangazi, tupo. Mahindi ya huko yalikujaje mwaka huu?" Atazungumzia mbolea hadi keki ikatwe. Lakini binti wa miaka kumi na tatu akiambiwa hivyo mezani, mtu mzima aliye karibu aingilie papo hapo. Nyonga zake zinapanuka kwa sababu anakua, na sahani yake isipunguzwe.

Kuna hali zisizo za fundi wala za jiko. Kujitapisha baada ya kula, kizunguzungu kila ukisimama, hedhi kukosekana miezi mitatu bila ujauzito, au kupungua bila kukusudia huku kikohozi kimevuka wiki mbili: nenda zahanati wiki hiyohiyo, usingoje harusi ipite.

Wanaoshuka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mwisho wa mwaka wajiandae kwa joto la ziwani, ambalo si la Mbeya. Barabara ya Tukuyu ina kona nyingi, kula kidogo kabla ya safari na umalizie njaa kule kwa usipa, dagaa wa ziwa hilo, na wali wa Kyela. Ndani ya maji, kanga na fulana za pamba hulowa, huwa nzito na hushika mwili. Taiti ya nailoni hadi gotini na blauzi ya kitambaa hichohicho hukauka haraka na hukuruhusu kuogelea badala ya kushikilia nguo. Kanga kavu iache mchangani, kwenye mfuko, mbali na mawimbi.