Bastola ya kutembea nayo: anza na mkanda wako

Wiki iliyopita mdogo wangu anayenunua alizeti huko Manyoni alinipigia simu. Maombi yake ya silaha yamepita ngazi zote, sasa anataka kununua. "Kaka, nichukue bastola gani?" Nikamuuliza ukienda kazini unavaaje. Akanyamaza, nikadhani simu imekatika. Nikamrudia: shati unachomekea au unaliacha nje? Mkanda wako ni wa ngozi nene au ni ule wa kitambaa? Unaendesha mwenyewe au unapanda pikipiki? Alikuwa amejiandaa kusikia jina la kampuni, na mimi nilikuwa namuuliza habari za suruali.

Nimenunua mahindi Kibaigwa na vijiji vya Kongwa kwa miaka 14, na miaka 9 ya mwisho nimetembea na bastola. Sijawahi kumwelekezea mtu, na namwomba Mungu iendelee hivyo. Ila nimekwisha kuuza moja na kununua nyingine, na sababu ya kuuza ile ya kwanza ndiyo inayonifanya niandike.

Kabla ya hapo, neno kuhusu haja yenyewe. Zamani tulibeba fedha taslimu kwenye kiroba chini ya kiti cha Fuso, kwa sababu mkulima wa kijijini alitaka noti mkononi ndipo aachie gunia. Siku hizi wengi wanakubali kutumiwa kwenye simu. Punguza fedha unazobeba kwanza. Badilisha njia, badilisha siku, usimwambie kila mtu kwamba kesho unaenda kununua. Hayo yamenilinda kuliko chuma chochote. Ukishafanya hayo yote na bado unaona unahitaji silaha, fuata mlango halali: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ndiyo inayotuongoza hapa Tanzania. Barua yangu ilianzia kwa mwenyekiti wa mtaa, ikaenda kata, polisi, hadi kamati ya ulinzi na usalama. Inachukua muda, na muda huo uutumie kujifunza. Bastola ya mkono kwa mkono, isiyo na karatasi, usiiguse hata ukipewa bure.

Sasa ile ya kwanza. Ilikuwa bastola kubwa ya chuma tupu, zaidi ya kilo moja kabla hujaijaza risasi. Dukani niliishika nikaona imetulia mkononi, haitikisiki, nikaipenda papo hapo. Ala yake, yaani mfuko wa kuibebea kiunoni, sikununua. Nikaichomeka kiunoni hivihivi, upande wa kulia, shati juu. Joto la Dodoma unalijua: mwezi wa kumi hakuna anayevaa koti, kwa hiyo kilichokuwa kinaificha ni shati jepesi la mikono mifupi. Kwa wiki ya kwanza nilikuwa naivuta juu kila baada ya hatua ishirini. Mtu yeyote mwenye macho alijua nina kitu pale.

Siku moja ghalani niliinama kupima unyevu wa mahindi, mkono umezama ndani ya gunia. Bastola ikateleza, ikaanguka kwenye sakafu ya saruji, ikaserereka hadi miguuni pa mizani. Makuli waliokuwa wanapakia wakasimama na magunia mabegani. Mama mmoja aliyekuwa anapepeta pumba alimvuta mwanawe nyuma yake bila kusema neno, akaniangalia. Yale macho ninayo mpaka leo. Haikufyatuka, chemba, yaani tundu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa, ilikuwa tupu. Lakini niliiokota mkono unatetemeka, na jioni ile nikajua nimenunua kitu ambacho mwili wangu hauwezi kukibeba.

Ndiyo maana nasema uanze na mkanda na ala. Ala nzuri ni ngumu, haibonyei ukiitoa bastola, na inafunika kifyatulio chote, pasiwe na nafasi ya kidole wala ncha ya shati kuingia. Inabana bastola kiasi kwamba ukiinama, ukiruka mtaro au ukikaa garini haitoki mpaka uivute kwa makusudi. Zile za kitambaa laini zinazouzwa kwa bei ya soda mbili, ziache. Mkanda uwe mpana na mgumu, ulioshonwa safu mbili. Fungu la bajeti yako liende huko kabla hujahesabu bei ya bastola.

Kisha uzito. Ninayobeba sasa ni Glock 19, iliyoingia sokoni mwaka 1988. Mwili wake ni wa plastiki ngumu, slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma na mbele, ni ya chuma, inabeba risasi 15, na ikiwa imejaa ina takriban gramu 850. Sisemi kila mtu anunue hiyo. Nasema tofauti ya nusu kilo kiunoni, kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi magharibi, ndiyo inayoamua kama utaibeba kila siku au utaanza kuiacha kwenye droo ya gari. Na bastola iliyoachwa kwenye gari ni ya mwizi wa vioo.

Wengi wakisikia hivyo wanakimbilia zile ndogo kabisa. Hapo nawaombeni mtulie. Glock 43, kwa mfano, ni nyembamba, inabeba risasi 6, inajificha vizuri hata chini ya fulana. Lakini bastola ikiwa ndogo na risasi ikabaki ileile, teke lake, yaani inavyousukuma mkono ukifyatua, ni kali zaidi, na mpini mfupi unakiacha kidole kidogo kikining'inia. Slaidi ya bastola ndogo nayo mara nyingi ina springi ngumu. Mzee au mtu mwenye vidole vyenye baridi yabisi anaweza kushindwa kuivuta kabisa. Kwa hiyo ukiwa dukani, ikiwa tupu na imehakikiwa, ishike kwa mkono mmoja: ncha ya kidole cha shahada ifike kwenye kifyatulio bila mpini kuzunguka kiganjani. Halafu vuta slaidi mara kumi. Ukichoka kwenye ya sita, hiyo si yako, hata muuzaji aisifu vipi.

Kuhusu kipimo cha risasi sitakaa sana. Chukua milimita 9, ile ya 9 kwa 19 iliyobuniwa Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita. Kwenye bastola ndiyo inayotumika kuliko zote duniani, teke lake linavumilika, na ni rahisi kuipata kwa muuzaji mwenye kibali kuliko vipimo vya ajabuajabu. Risasi usizopata za kutosha kufanyia mazoezi hazikufai.

Jihadhari na bastola za zamani. Tokarev, ile ya Kirusi ya miaka ya 1930, ni imara kweli, lakini katika umbo lake la asili haina sefti ya kidole, yaani kitufe cha kuifunga isifyatuke, wala kizuizi cha pini ya kufyatulia, ile inayogonga risasi. Ukiibeba na risasi chemba kisha ikaanguka kama ilivyoanguka yangu, hakuna wa kukudhamini. Bastola nyingi za kisasa zina kizuizi hicho ndani, pini haisogei mpaka kifyatulio kivutwe. Uliza jambo hili kabla ya kuuliza bei.

Na ujue bastola ya nusu-otomatiki, kama hizi nilizotaja, maana yake nini. Kila ukivuta kifyatulio inatoka risasi moja, slaidi inarudi nyuma kwa nguvu ya mlipuko, inatupa ganda nje, na ikirudi mbele inabeba risasi nyingine kutoka kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi ndani ya mpini, na kuiingiza chemba. Yaani baada ya kufyatua, bado iko tayari. Hapa ndipo watu wanapojeruhi watoto wao. Aliyenifundisha ni mzee mmoja mstaafu wa jeshi, anakaa Nzuguni. Siku ya kwanza nilimwamkia, akapokea shikamoo yangu, akaniambia niondoe risasi. Nikatoa magazini, nikaweka mezani.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza, mzee."

"Haya. Elekeza kwenye lile rundo la mchanga, kidole nje, uvute slaidi."

Nikavuta. Risasi moja ikaruka, ikagonga meza, ikabingirika hadi kwenye kikombe chake cha chai. Hakunikaripia. Aliiokota, akaiweka kiganjani mwangu, akaifumba mikono yangu kwa mikono yake. Tangu hapo mpangilio wangu ni huohuo: magazini kwanza, slaidi mara tatu, kisha naangalia chemba kwa macho na kuipapasa kwa kidole. Ukianza na slaidi kabla ya kutoa magazini, umeingiza risasi mpya chemba kwa mikono yako.

Mzee huyohuyo alinishauri nitembee na chemba tupu mpaka mikono yangu izoee. Wapo watakaokwambia unapoteza sekunde. Ni kweli, unapoteza. Mimi nilikubali kupoteza sekunde hizo kwa mwaka mzima, na sijutii.

Vumbi letu nalo lina tabia yake. Kati ya mwezi wa saba na wa kumi upepo unapovuma, lile vumbi jekundu linaingia hata kwenye saa. Mwanzoni nilikuwa naipaka mafuta mengi nikidhani naitunza. Mafuta yakashika vumbi yakawa tope, slaidi ikaanza kurudi kwa uvivu. Sasa naweka tone moja moja kwenye reli za slaidi na sehemu mtutu unaposuguana, nafuta mpaka ibaki kung'aa kidogo tu. Magazini naifuta kavu. Naisafisha kila Jumapili baada ya ibada, watoto wakiwa nje, risasi zikiwa chumba kingine. Jasho nalo linaleta kutu, hasa kwenye skrubu na upande unaogusa ngozi, hivyo kitambaa kikavu napitisha kila jioni.

Nyumbani inalala kwenye kasiki dogo lililofungwa kwa boliti ukutani. Hailali chini ya mto, hailali juu ya kabati, kwa sababu hakuna juu ya kabati ambako mtoto wa miaka saba hafiki. Na pombe haikai nayo hata chupa moja. Jumamosi nikienda mnada wa Msalato kula nyama na wenzangu, inabaki kwenye kasiki na ufunguo natembea nao mimi.

Mdogo wangu wa Manyoni amenunua mkanda. Bastola ataiangalia mwezi ujao.